Kidonda kimefunga, mbona sauti haijarudi?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe, umri miaka 38, nafundisha darasa la pili lenye watoto 84. Kanisani naimba sauti ya kwanza. Sauti ilinikauka kwa karibu miaka miwili, mwishowe nikaonekana nina polipu, yaani kinyama kidogo kilichoota, kwenye uzi wa sauti wa kulia, nikafanyiwa upasuaji wa leza kwa nusukaputi. Niliambiwa nisiongee siku tano, nikatii. Nikapewa ED, ruhusa ya kupumzika kazini, ya wiki mbili, nikarudi darasani. Leo ni wiki ya sita. Wiki ya nne nilipimwa kwa kamera nikaambiwa kidonda kimefunga vizuri, lakini sauti bado inakwaruza, nikipanda juu inakatika, na ikifika saa sita mchana inaisha kabisa. Kwa hiyo nanong'ona sana ili nisiichoshe. Tena nilipozinduka ulimi ulikuwa na ganzi upande wa kushoto, ikadumu wiki tatu. Mama mkwe anasema leza ni mionzi na imeniunguza nyuzi. Walimu wenzangu wananiletea mayai mabichi, asali na tangawizi, na nimejifukiza majani ya mkaratusi. Je, ni kweli nimeunguzwa? Nirudie upasuaji? Na Krismasi nitaimba? Ndaga."

Marahaba, Mwalimu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye maneno yako haya: kidonda kimefunga vizuri, lakini sauti bado. Nadhani hofu yote imekaa hapo. Mtu akiambiwa kidonda kimefunga anajihesabu amepona. Sasa kama ndiyo nimepona na sauti ndiyo hii, basi imekwisha, nitazikwa nayo. Ningekuwa wewe na mimi ningekosa usingizi. Ila kufunga kwa kidonda na kurudi kwa sauti ni kazi mbili, na mwili hauzifanyi kwa wakati mmoja. Ya kwanza inakwenda kwa siku. Ya pili inakwenda kwa miezi, na wewe uko wiki ya sita.

Kwanza tuliweke sawa hili neno "nyuzi", maana limewatia watu wengi wasiwasi usio na sababu. Ukilisikia unapata picha ya nyuzi za gitaa zilizokazwa, leza ikipita uzi unakatika au unaungua. Ndani ya koo hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna mikunjo miwili ya nyama laini, mmoja kulia na mmoja kushoto, imelala ndani ya zoloto, pale mbele ya shingo panapopanda ukimeza mate. Kwa mwanamke kila mkunjo una urefu wa kama milimita 11 hadi 15, karibu sawa na upana wa ukucha wa dole gumba. Ukivuta pumzi inaachana. Ukitaka kusema inakutana, hewa ya mapafu inajipenyeza katikati na kuipepesa. Unapoongea kawaida inagongana kama mara 200 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja tu ya sauti mfululizo ni migongano zaidi ya laki saba. Ukipanda juu kabisa kwenye sauti ya kwanza, kila sekunde inaweza kupita mara 800. Nitaendelea kuiita nyuzi kwa sababu ndilo jina tulilolizoea, ila wewe kila ukisoma "uzi" fikiria mdomo mdogo, laini na wenye unyevu.

Na kinachopepea hapo si nyama yote. Ni ngozi ya juu tu, nyembamba sana, iliyolala juu ya tabaka la rojorojo. Chini ya rojorojo ndipo unapoukuta utepe mgumu, na chini yake kabisa msuli. Aliyetupangia matabaka haya na kutuonyesha yanavyofanya kazi ni daktari wa Kijapani, Minoru Hirano, katika miaka ya 1970, na mpaka leo daktari yeyote anayegusa nyuzi za sauti anatembea na ramani yake kichwani.

Wewe unaishi Rungwe, maziwa hayako mbali. Kesho asubuhi chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka yafanye utando. Shika sufuria kwa mikono miwili uitikise kidogo. Utando utacheza wote, wimbi linatoka ukingo huu mpaka ule, kwa sababu chini yake kuna maji yanayoupa nafasi ya kuteleza. Halafu chukua ncha ya kijiko, uvute utando mahali pamoja, uubandike kwenye ukuta wa sufuria, utikise tena. Pale ulipobandika hapachezi. Na si pale tu: hata wimbi linalotoka upande mwingine likifika karibu linajikunja na kufa. Maziwa ni yale yale, utando haujachanika popote, ukiutazama kwa juu umefunika sufuria nzima. Mwendo ndio ulioharibika.

Kamera ya wiki ya nne ilitazama utando ikauona umefunika, na ilisema kweli. Kama unacheza au hauchezi, hilo kamera ya kawaida haiwezi kuliona, maana mara 200 kwa sekunde jicho halifuati. Linaonekana kwa stroboskopi, taa inayomulika kwa vipindi na kuzifanya nyuzi zionekane zinapepea polepole. Hicho ndicho kipimo unachokihitaji sasa, nitakirudia huko chini.

Sasa leza. Mama mkwe wako amekosea nusu, na nusu nyingine ana haki. Alipokosea ni kwenye mionzi. Leza ni mwanga. Haiko kundi moja na mionzi ya eksirei wala ile ya kutibu saratani, haibaki mwilini, haikuachii kitu cha kukudhuru miaka ijayo. Inayotumika sana kwenye koo ni leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo mwanga wake hata hauonekani kwa macho. Iligunduliwa mwaka 1964 na Kumar Patel huko Marekani, na mwaka 1972 madaktari wa Boston, Strong na Jako, wakaeleza jinsi walivyoanza kuitumia kwenye zoloto. Mwanga wake hunywewa na maji, na nyama yetu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo seli inayopigwa huchemka na kuwa mvuke papo hapo, huku ya chini yake ikibaki karibu kama ilivyokuwa.

Nimesema karibu, na hapo ndipo mama mkwe ana haki. Joto lipo. Pembeni ya njia ya leza hubaki ukanda mwembamba sana, sehemu ndogo ya milimita, wa nyama iliyoiva. Ukanda huo una faida: unaziba vimishipa vya damu, na daktari anafanya kazi mahali pakavu. Una gharama pia, kwa sababu mwili lazima uuondoe kabla ya kuanza kujenga, ndiyo maana kidonda cha leza huanza kupona kikiwa kimechelewa kidogo kuliko kidonda cha kisu. Ila kuchelewa huko hakubaki. Mwaka 2000 Marekani ulichapishwa utafiti uliowagawa wagonjwa wa uvimbe mdogo usio saratani kwa kura, wengine vyombo vya kukata, wengine leza ya ncha ndogo, na mwishoni sauti zao hazikutofautiana. Kwa maoni yangu tunaulizana sana kuhusu chombo na kidogo mno kuhusu kina. Polipu hukaa kwenye ngozi na rojorojo. Mkono uliobaki humo, uwe na kisu au leza, umekuachia nafasi nzuri ya sauti. Mkono uliogusa utepe wa chini umekuachia kovu, hata kama ulishika mkasi mdogo kuliko yote duniani. Kwa hiyo siku ya kliniki usiulize "mliniunguza?", uliza "mlifika tabaka gani?" Liko kwenye taarifa ya upasuaji, na ni haki yako kulijua.

Ganzi ya ulimi haikutoka kwenye leza hata kidogo. Ili kuziona nyuzi zako, daktari alipitisha bomba la chuma mdomoni, likalala juu ya ulimi kwa muda wote wa upasuaji, likauminya pamoja na mishipa yake ya fahamu. Wengine hubaki na ganzi, wengine chakula kinakosa ladha. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa, kama yako ilivyoisha. Ulipaswa kuambiwa mapema, na nasikitika hukuambiwa.

Turudi kwenye kidonda, maana hapa ndipo penye jibu lako. Siku tatu za mwanzo mahali pale palivimba, pakafunikwa na utando mweupe wenye unjano ambao wagonjwa wakiuona kwenye picha wanadhani ni usaha. Ni damu iliyoganda na seli za ulinzi zinazosafisha. Kisha ngozi mpya ikaanza kutambaa kutoka ukingoni, na kidonda kidogo kama chako kwa kawaida kinafunikwa kati ya wiki moja na mbili. Hiyo ndiyo "kimefunga" uliyoambiwa. Lakini ngozi hiyo mpya bado haijashikwa vizuri na tabaka la chini. Kuna vinyuzi vidogo vinavyoifunga pale kama kamba za hema, na vyenyewe vinachelewa kuota. Mtu akipiga kelele katika kipindi hiki, ngozi inasuguliwa kabla haijashikamana, panavimba, mwili unaanza upya kazi uliyokwisha kuifanya.

Huku chini yake seli za kujenga zinasuka kolajeni, zile nyuzinyuzi ngumu ambazo mwili huzitumia kushikilia nyama. Kolajeni ya mwanzo inasukwa ovyo, nyingi, ngumu, nyuzinyuzi zimepita kila upande, kama mtu anayeziba pengo la uzio kwa haraka kabla ng'ombe hawajatoka. Kwa kipindi hiki uzi unakuwa mkavu na mgumu kuliko utakavyokuwa baadaye. Ndiyo maana wapo ambao wiki ya tatu wanafurahi sauti imekuja, halafu wiki ya sita wanakata tamaa imerudi nyuma. Baada ya hapo mwili unaanza kusahihisha: unazivunja zile za ovyo, unazipanga upya kufuata upande uzi unaopepea, na kidogo kidogo ulaini unarudi. Usahihishaji huu unachukua miezi, kwa wengine unakaribia mwaka. Hata sisi madaktari kovu hatulihukumu kabla ya miezi sita kutimia, na wengi wetu tunangoja zaidi.

Kwa hiyo, Mwalimu, sauti uliyonayo leo imepimwa katika kipindi chake kigumu. Siwezi kukuahidi itarudi ile ya miaka kumi iliyopita. Rojorojo likishaharibiwa na polipu ya miaka miwili na kisha kufanyiwa upasuaji, mara nyingine hubaki na alama, na ingekuwa uongo kukuambia vinginevyo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna kitu katika barua yako kinachoonyesha mambo yameharibika.

Kuna kimoja lakini kinanisumbua, nacho ni ile "saa sita mchana inaisha kabisa". Kidonda peke yake hakifuati saa. Sauti inayoanza asubuhi vizuri na kufa mchana mara nyingi ni ya misuli iliyochoka. Fikiria: kwa miaka miwili polipu ilikaa katikati ya nyuzi, zikawa hazikutani sawasawa, hewa inavuja. Ili darasa likusikie ukajifunza kusukuma, kukaza shingo, kubana hata mikunjo ya juu ambayo kazi yake si kutoa sauti. Hukujua kama unajifunza. Polipu imeondolewa, ila aliyekuwa anaisukuma bado yupo. Sasa unausukuma uzi mchanga kwa nguvu ile ile uliyoitumia kwenye uzi wenye uvimbe. Weka vidole viwili chini ya taya unapoanza kusoma kwa sauti mbele ya watoto. Kama panakuwa pagumu kama ubao, hilo ndilo ninalolisema.

Kunong'ona kunaingia hapa hapa. Najua unanong'ona kwa nia njema, na ulipokuwa unaniandikia hivyo niliona huruma, maana umejinyima sana bila faida. Kunong'ona kwa chini kabisa, mdomo kwa sikio, hakuna shida kubwa. Lakini kunong'ona ili watoto wa dawati la tatu wasikie ni kukaza zoloto lote na kupitisha hewa kavu katikati ya nyuzi. Kwa watu wengi kunachosha kuliko sauti ya kawaida iliyo laini. Ongea, Mwalimu. Ongea kidogo, kwa sauti yako ya kawaida, kama unayeongea na mtu uliyekaa naye kwenye kigoda kimoja.

Na usirudi kwenye ukimya ukidhani ndiyo dawa. Zamani na mimi nilikuwa nawaambia wagonjwa wanyamaze tu, bila maelezo mengine. Mmoja, baba wa makamo, alinitii kuliko nilivyotarajia: akanyamaza wiki nne, anaandika kwenye daftari. Alipokuja kidonda kilikuwa safi lakini sauti haikuanza kabisa, ilibidi tumfundishe kuguna kama mtoto anayejifunza. Lile lilikuwa kosa langu, na limenifanya niwe makini na kila siku ya ukimya ninayoiandika. Watafiti wa Kyoto, Japani, mwaka 2017 walitoa matokeo ya kuwalinganisha waliopumzisha sauti siku tatu na waliopumzisha siku saba baada ya upasuaji wa nyuzi. Waliopumzika siku tatu kisha wakaanza mazoezi taratibu ndio waliofanya vizuri zaidi. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka ile kolajeni inayopangwa upya: inahitaji mwendo mdogo ili ijue ipange kuelekea wapi. Mwendo mwingi unachana, ukimya mrefu unaacha kila kitu kigande kilivyo. Siku zako tano zilitosha.

Haya, mayai mabichi. Chochote unachokimeza hakigusi nyuzi za sauti. Unapomeza, kidaka tonge kinafunika mlango wa hewa, nyuzi zinafunga, na chakula kinapita nyuma kwenye umio. Kama yai lingegusa nyuzi ungepaliwa mpaka majirani waje. Asali na tangawizi vinaliliwaza koo la juu, nako kuna raha yake, ila tangawizi kali na malimao kwa mtu mwenye kiungulia vinaweza kupandisha tindikali usiku ikazifikia nyuzi kwa nyuma. Mayai mabichi acha kabisa, yana hatari ya kukuharisha na faida sijaiona. Maji yanasaidia kwa njia ya mzunguko: yanaingia kwenye damu, ndipo ute wa nyuzi unakuwa mwepesi. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, usisubiri kiu ya saa saba mchana.

Kujifukiza ni habari nyingine, kwa sababu mvuke unavutwa na unafika pale pale penye kidonda. Kwa hiyo uwe mvuke wa maji matupu. Mafuta ya mkaratusi yanafungua pua, lakini kwenye ngozi changa ya uzi yanawasha na kukausha, na kukohoa kunakofuata ni kipigo. Weka maji ya moto kwenye beseni mezani, si sufuria inayotokota jikoni, vuta kwa utulivu dakika tano hadi kumi, watoto wakiwa mbali. Kipindi hiki cha Oktoba, vumbi limejaa na mvua bado, asubuhi na jioni zinatosha.

Kuhusu moshi nitakuwa mkali kidogo. Kama unapika kwa kuni ndani, mwombe mtu mwingine awashe moto, wewe uingie ukishakolea. Moshi unaikausha ngozi ile. Vivyo hivyo na ile tabia ya kukwangua koo, "ehem", ambayo kila mwenye kovu anayo kwa sababu anahisi kuna kitu kimenasa. Hakuna kilichonasa, ni ugumu wa uzi unaouhisi. Meza mate, au kunywa funda la maji, au pumua nje kwa nguvu bila sauti. Ukiweza kuiacha hii moja kwa wiki mbili utaona tofauti.

Mazoezi ya kwanza ninayoyapenda ni ya mrija. Chukua glasi ya maji, zamisha mrija kama sentimita mbili, pulizia ukiguna ndani yake kwa sauti ya katikati, maji yatoe mapovu yaliyo sawa. Hewa inayorudi nyuma kutoka kwenye mrija inazitenganisha nyuzi kidogo, kwa hiyo zinapepea bila kugongana kwa nguvu. Dakika mbili, mara tano au sita kwa siku. Usipande juu, usitafute uzuri. Mapovu yakikatika, umebana. Anza tena kwa ulaini zaidi. Mtaalamu wa tiba ya sauti angekuongoza vizuri kuliko mimi kwa maandishi, lakini huku kwetu wapo wachache mno. Kliniki ya masikio, pua na koo ikikupa nafasi kwa mmoja hata mara mbili tatu tu, nenda, hata kama ni kwa basi mpaka Mbeya mjini.

Darasani sikushauri tena uanze kwa ujasiri. Omba barua ya daktari kwa mwalimu mkuu, iseme wazi kazi nyepesi ya sauti mpaka miezi mitatu tangu upasuaji: vipindi vichache, kusahihisha zaidi, mwenzako achukue mstarini asubuhi. Watoto wa miaka saba na nane wanajifunza haraka kufuata makofi na filimbi. Tembea umfuate mtoto, usimwite kutoka ubaoni. Na nunua kile kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, chenye maiki ya kukaa shavuni, kama wanavyotumia wauzaji wa dawa za kunguni pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Mwalimu mmoja aliniambia aliona aibu siku ya kwanza, siku ya pili watoto wakawa wanagombania nani akibebe kwenda darasani. Kati ya vyote nilivyokuandikia, ukipata hela ya kimoja tu, kiwe hicho.

Umeuliza kuhusu kurudia upasuaji. Kwa sasa hapana, na daktari akikushauri hivyo wiki hii muulize sababu. Kila kidonda kipya kinaanzisha kovu jipya, na kukata mahali ambapo bado panajipanga ni kumkatiza fundi katikati ya kazi. Sababu zinazoweza kubadilisha maneno yangu zipo: polipu kuota tena, au nyama ya ziada kuota kwenye kidonda, ingawa hiyo nayo mara nyingi hunywea yenyewe. Stroboskopi itasema. Kama baada ya miezi sita na zaidi uzi bado umebandika, kuna njia kabla ya kisu: sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye uzi, au sindano ya kujaza uzi ili zikutane vizuri. Hakuna hata moja inayorudisha rojorojo lilivyokuwa. Zinapunguza tatizo, na kwa mwalimu kupunguza tatizo kunaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufundisha na kuacha.

Jambo ambalo hukuliandika ni majibu ya maabara. Kila kinyama kinachotolewa kwenye uzi wa sauti kinapaswa kupimwa. Polipu karibu zote si saratani, na hakuna ulichosema kinachonitia shaka, lakini "karibu zote" haitoshi wakati kipande chenyewe kimeshakatwa. Uliza yako wapi, yasome, chukua nakala.

Usingoje kliniki kama pumzi inakuwa nzito au inatoa mlio unapovuta hewa ndani. Hiyo ni siku hiyo hiyo, hospitali iliyo karibu, hata usiku. Damu kwenye makohozi, homa yenye maumivu ya kumeza, au sauti iliyokuwepo jana na leo imekatika ghafla baada ya kupiga kelele, navyo usivilaze zaidi ya kesho. Na kama sauti inazidi kushuka wiki hadi wiki badala ya kupanda na kushuka, rudi mapema. Wengine mnaosoma, kama sauti imekauka zaidi ya wiki tatu au nne bila kupona, msinywe dawa ya kikohozi chupa ya tatu. Ombeni koo litazamwe.

Sasa Krismasi. Nikihesabu, siku hiyo utakuwa kama wiki ya kumi na sita. Stroboskopi ifanyike mwishoni mwa Novemba, ukiwa umetimiza miezi mitatu, wakati shule zinakaribia kufungwa na sauti imeanza kupumzika na darasa. Wimbi likionekana linapita, anza kuhudhuria mazoezi: robo saa, noti za katikati, ukiwa umekaa na sauti ya pili. Mwambie kiongozi wa kwaya mapema, asikupangie solo wala zile noti za juu za mwisho. Mazoezi ya usiku kwenye baridi ya Tukuyu funga skafu, vuta hewa kwa pua, na ukitoka nje usianze kupiga soga kushindana na mvua kwenye bati. Wimbi likiwa bado linakufa njiani, mwaka huu shika kitabu, ufuatilie kwa macho, uimbe Pasaka. Niandikie ukishapimwa, uniambie daktari ameona nini upande wa kulia na maabara ilisema nini, tupange kuanzia hapo.